Siku nzuri ya kupima G6PD ni siku ambayo mtoto hana homa

Katika zahanati za mkoa wa Tabora, tone la damu la mtoto mwenye homa lina kazi moja ambayo kila mama anaijua. Damu huwekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, MRDT, majimaji ya kipimo yanadondoshwa, na baada ya dakika 15 hadi 20 mistari inasomwa. Kama malaria ipo, mama anapewa dawa mseto na maelekezo, anarudi nyumbani. Jibu la kipimo kile limeishia hapo, kwa sababu mwezi ujao mtoto yuleyule anaweza kuugua tena na kupimwa upya kana kwamba hajawahi kupimwa.

Wataalamu wa malaria sasa wanazungumzia tone la pili la damu, linaloulizwa swali tofauti kabisa: je, damu ya mgonjwa huyu inaweza kuhimili baadhi ya dawa za malaria, au itapasuka? Swali hilo linahusu kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu wake hurithiwa. Kwa kuwa hurithiwa, jibu lake halibadiliki mwezi ujao wala miaka 30 ijayo. Naamini tofauti hiyo kati ya vipimo hivi viwili haijapewa uzito unaostahili, na kwamba mikoa ya Tabora na Kigoma ikikiingiza kipimo cha G6PD kwa mtindo uleule wa MRDT, yaani kumpima mgonjwa siku ya homa na kulisahau jibu siku ya pili, itatumia fedha nyingi kupata ulinzi mdogo.

Mikoa yetu ina sababu ya kulifikiria jambo hili mapema. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini, ambako takriban asilimia 24 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na vimelea, wakati wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa kama asilimia 7. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, uliikuta Tabora ndiyo inayoongoza, kwa takriban asilimia 23, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 8. Uongozi huo ulihama kutoka mkoa mmoja kwenda mkoa jirani, na hakuna kati yetu anayeweza kuuona kuwa ni habari ya mbali.

Seli nyekundu ya damu ni kiumbe chenye mahitaji machache. Haina kiini wala mitokondria, na maisha yake yote ya takriban siku 120 inabeba oksijeni, ambayo yenyewe ni kitu kinachochakaza. Ili isichakae kabla ya wakati, seli inahitaji kinga ya ndani, na kinga hiyo hutengenezwa kwa kupitia njia moja tu ambayo G6PD ndiye mlinzi wa mlango wake. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya hiki huishi vizuri, hulima, husoma, huzaa na kuzeeka bila kujua lolote. Tatizo hujitokeza pale anapokula au kumeza kitu kinachoongeza kazi ya kinga ile kwa ghafla. Seli zilizozeeka, ambazo kimeng'enya chao kimekwisha, hupasuka kwa wingi ndani ya siku chache. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, macho huwa ya manjano, mtu huishiwa nguvu, na mtoto ambaye tayari malaria imempunguzia damu anaweza kufikia hatua ya kuhitaji kuongezewa nyingine.

Jambo hili liligunduliwa kwa njia ambayo haipendezi kuisimulia. Katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois nchini Marekani, wafungwa walitumiwa kujaribia dawa za malaria, na madaktari waliona kwamba primakwini iliwaangusha baadhi ya wafungwa weusi huku wengine wakiimeza bila shida. Mwaka 1956 Paul Carson, Alf Alving na wenzao walichapisha maelezo ya sababu yake: seli za wale walioanguka zilikuwa na upungufu wa G6PD. Mfungwa hawezi kukubali au kukataa jaribio kwa uhuru kamili, na ujuzi huu tunaoutumia leo uliletwa na damu ya watu ambao hawakuwa na nafasi ya kuondoka. Nadhani deni hilo linatudai angalau uangalifu.

Miaka michache baadaye swali lilifika Tanganyika. Mwaka 1961 Anthony Allison, ambaye tayari alikuwa amejulikana kwa kazi yake ya selimundu Afrika Mashariki, na David Clyde, mtaalamu wa malaria aliyefanya kazi Tanganyika, walichapisha uchunguzi wao kuhusu malaria kwa watoto wa Kiafrika wenye upungufu huu, wakionyesha kwamba upungufu unatoa kinga fulani dhidi ya vimelea. Tafiti za baadaye zimeifanya picha hiyo kuwa na pande zaidi, kwa sababu kinga dhidi ya malaria ya ubongo huenda pamoja na hatari kubwa zaidi ya upungufu mkali wa damu. Hata hivyo kiini chake kimebaki: upungufu wa G6PD, ambao duniani unakadiriwa kuwa kwa watu zaidi ya milioni 400, umeenea zaidi mahali ambapo malaria imekaa kwa vizazi vingi. Kwa hiyo mahali penye haja kubwa ya dawa ndipo penye watu wengi wa kuangaliwa kabla ya kupewa baadhi ya dawa hizo.

Nasema baadhi ya dawa, na hapa nawaomba wasomaji, hasa wahudumu wa afya, tuelewane vizuri, kwa sababu hofu isiyo na mahali pake inaweza kuua. Dawa mseto ya ALu haihitaji kipimo cha G6PD. Sindano ya atesuneti anayochomwa mtoto mwenye malaria kali haihitaji kipimo cha G6PD. Mzazi wa Urambo au Kasulu hapaswi kuchelewesha tiba hata kwa saa moja kwa kusubiri jibu la kimeng'enya, na mhudumu atakayemrudisha mgonjwa nyumbani kwa sababu hiyo atakuwa amefanya kosa kubwa. Kipimo hiki kisigeuke kizuizi kipya kwenye mlango wa tiba ambayo tumehangaika kwa miaka mingi kuifikisha vijijini.

Dawa zinazohusika ni zile za jamii ya primakwini. Nazo zina kazi mbili zinazochanganywa mara kwa mara, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha mabishano mengi yasiyo na sababu. Kazi ya kwanza ni kuzuia maambukizi. ALu humponya mgonjwa, lakini haiui vizuri gametosaiti zilizokomaa, yaani vimelea vya hatua ile ambayo mbu huichukua kutoka kwa mtu na kuipeleka kwa mwingine. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, hufanya kazi hiyo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi hii itolewe bila kupima G6PD kwanza katika maeneo yanayokaribia kutokomeza malaria au yanayotishiwa na usugu wa dawa. Pendekezo hilo lilitokana na ushahidi kwamba dozi hii hushusha damu kidogo tu na kwa muda mfupi, hata kwa mwenye upungufu. Hapa nchini dozi hiyo ilifanyiwa uchunguzi Bagamoyo ikiwa pamoja na ALu, na usalama wake ukaonekana kuridhisha.

Kazi ya pili ni kung'oa vimelea vinavyolala kwenye ini. Plasmodium vivax na Plasmodium ovale, aina mbili za vimelea vya malaria, huacha vimelea usingizini, ambavyo huamka baada ya wiki au miezi na kumwangusha mtu tena bila kuumwa na mbu mwingine. Vivax ni nadra kwetu, lakini ovale ipo Tanzania, na kipimo cha MRDT kinachotafuta Plasmodium falciparum, kimelea kikuu cha malaria kwetu, peke yake hakiwezi kuionyesha. Inahitaji hadubini na jicho la mtaalamu wa maabara. Kung'oa vimelea hivi kwa primakwini kunachukua siku 14 kwa kipimo cha kawaida. Mtu mzima wa kilo 60 aliyepewa dozi moja ya kuzuia maambukizi amemeza miligramu 15. Yule wa siku 14 amemeza miligramu 210. Dawa ni ileile, jina ni lilelile, lakini kwa mtu mwenye upungufu hayo ni mambo mawili tofauti, na wa pili ni lazima apimwe.

Kuna pia tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ambayo hufanya kazi hiyo ya pili kwa dozi moja ya miligramu 300. Kwa mtu wa kijijini dozi moja ni neema, kwa kuwa ni wachache wanaomaliza vidonge vya siku 14 wakati homa imekwisha siku ya tatu. Lakini primakwini hutoka mwilini ndani ya saa chache, na mgonjwa akiona mkojo umebadilika anaweza kuacha kuimeza na hali ikatulia. Tafenokwini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Ukishaimeza, huwezi kuitapika kesho. Ndiyo maana haitolewi mpaka ithibitike kwamba nguvu ya kimeng'enya cha mgonjwa ni angalau asilimia 70 ya kawaida, wakati kwa primakwini ya siku 14 mpaka ni asilimia 30.

Yapo mambo mawili yanayonifanya niamini kwamba mjadala huu utatufikia hivi karibuni. La kwanza ni usugu. Vimelea vyenye mabadiliko yanayopunguza kasi ya dawa za jamii ya atemisinini, zilizomo ndani ya ALu, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na hapa kwetu Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma kwa upande wa kaskazini. Usugu ukisogea, haja ya kuzuia gametosaiti zisipande kwenye mbu itaongezeka, na primakwini itaanza kutajwa katika zahanati ambazo hazijawahi kuwa nayo kwenye rafu. La pili ni mwendo wa watu. Kigoma ni mkoa wa bandari, wa reli, wa mpaka na Burundi na wa ziwa linalotutenganisha na Kongo, na kambi ya Nyarugusu huko Kasulu imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1990. Homa inayorudi kwa mtu aliyesafiri inapaswa kutiliwa shaka ya ovale au vivax, na ikithibitika, tiba yake inaanza na swali la G6PD.

Kuna somo moja la zamani ambalo nadhani limesahaulika mapema mno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa iitwayo Lapdap, mchanganyiko wa klorproguanili na dapsoni, ilitengenezwa mahususi kwa ajili ya Afrika kwa bei nafuu, ikasajiliwa mwaka 2003, na wengi waliitegemea ichukue nafasi ya dawa zilizokuwa zimechoka. Majaribio ya toleo lake lililoongezwa atesuneti yalionyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walipoteza damu kwa kiwango cha kutisha, wengine wakihitaji kuongezewa, na mwaka 2008 dawa ikaondolewa sokoni. Dawa ile ilikuwa inaua vimelea. Kilichoikosesha maisha ni kwamba zahanati ya Kiafrika haikuwa na njia ya kujua nani asipewe. Ninapofikiria gharama ya kipimo cha G6PD, huwa naihesabu na hiyo ndani yake.

Njia hiyo sasa ipo. Vipo vipimo vya rangi ambavyo hutoa jibu la ndiyo au hapana ndani ya dakika 10 hivi, na ipo mashine ndogo ya mkononi kutoka Korea Kusini, inayofanana na ile ya kupimia sukari, ambayo kwa mikrolita 10 za damu na dakika 2 husoma nguvu ya kimeng'enya pamoja na hemoglobini. Mwishoni mwa mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliipitisha baada ya kuikagua ubora. Kwa maneno ya mhudumu, uniti 4.0 au chini kwa kila gramu ya hemoglobini ni upungufu, kati ya 4.1 na 6.0 ni hali ya katikati, na zaidi ya hapo ni kawaida.

Hali hiyo ya katikati ndiyo inayowahusu akina mama, na ndiyo inayonifanya nipendelee mashine kuliko kipimo cha rangi. Jeni ya G6PD ipo kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja, aliyoirithi kwa mama yake, kwa hiyo ama anao upungufu ama hana. Mwanamke ana mbili, na katika kila seli moja huzimwa, ile inayozimwa ikitegemea bahati. Mwanamke aliyerithi upande mmoja anaweza kuwa na seli nzima nusu na dhaifu nusu, au thelathini kwa sabini, na kipimo cha ndiyo au hapana kikamwambia kuwa hana tatizo. Mjamzito hapewi primakwini kabisa, hata awe mzima kiasi gani, kwa sababu hakuna anayejua kimeng'enya cha mtoto aliye tumboni.

Mashine ina udhaifu wake pia. Imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi joto 15 na 32, na anayeijua Tabora ya mwezi Oktoba, chini ya bati, saa nane mchana, anajua kwamba kipimo kitalazimika kufanyika asubuhi au mahali penye ubaridi. Vitendanishi vyake ni ghali kuliko MRDT. Kama halmashauri inapaswa kuchagua kati ya kununua vitendanishi vya G6PD na kuhakikisha MRDT na ALu haviishi zahanati, ichague MRDT na ALu bila kusita.

Lakini udhaifu mkubwa zaidi haumo ndani ya mashine, umo katika siku tunayochagua kupima. Kumbuka kwamba seli zinazopasuka ni zile zilizozeeka. Baada ya damu kupasuka, mwili humwaga seli changa, na seli changa zina kimeng'enya kingi kuliko zile zilizokufa. Mtu akipimwa wiki moja baada ya kuumizwa na dawa, anaweza kuonekana wa kawaida, kwa sababu ushahidi umekojolewa. Malaria yenyewe hufanya hivyohivyo kwa kiasi, kwa kuwa nayo hupasua seli na kuuamsha mwili utengeneze nyingine. Damu ya kuongezewa huleta kimeng'enya cha mtu mwingine. Mtoto aliyepungukiwa damu sana, ambaye ndiye tungependa zaidi kumlinda, ndiye ambaye jibu lake ni gumu zaidi kuliamini. Kwa kifupi, siku ya homa ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuuliza swali hili, ingawa ndiyo siku tunayolikumbuka.

Siku nzuri ni ile ambayo mtoto ni mzima na bado yuko mbele ya muuguzi. Siku hiyo tunayo. Mtoto wa miezi 18 huletwa kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, akiwa amekwisha kupita umri wa uchanga ambao viwango vya kimeng'enya huwa juu kuliko vya mtu mzima na kuchanganya tafsiri. Anachomwa sindano hata hivyo. Tone la damu halimwongezei safari wala mama hapotezi siku nyingine ya shamba. Ningependa Tabora na Kigoma zianze na kata chache zenye malaria nyingi, zipime watoto wa umri huo, na jibu liandikwe kwa wino kwenye kadi ya kliniki, kwa namba na si kwa alama ya vema tu, pamoja na tarehe.

Kadi ndipo mpango wote unaposimama au kuanguka. Mgonjwa wetu hubeba historia yake kwenye daftari la shule alilonunua njiani kuelekea zahanati, na daftari likijaa au likiloa mvua, historia inaanza upya. MRDT inavumilia hali hiyo. G6PD haiivumilii, kwa sababu thamani yake yote ni kwamba jibu lipatikane miaka 20 baadaye, wakati mtoto yule amekuwa mtu mzima aliyerudi kutoka Ethiopia au India na malaria ya vivax, au amegundulika na ukoma na anakaribia kuanza dapsoni kila siku kwa miezi 6 au 12, au amekwenda duka la dawa na kupewa nitrofurantoini kwa ajili ya mkojo unaouma. Jibu hilo linastahili kuwepo kwenye kadi ya chanjo, na kwenye mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa pale ambapo hospitali za wilaya na za rufaa, Kitete ya Tabora na Maweni ya Kigoma, zinao.

Na mama aliyeambiwa kwamba mwanawe ana upungufu huu atahitaji maneno machache ya kubeba. Aambiwe kwamba mtoto wake si mgonjwa. Aambiwe asiweke naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, kwenye sanduku la nguo na mablanketi ya mtoto anayefuata, maana mtoto mchanga mwenye upungufu huvuta mvuke wake na kupata manjano inayoweza kumdhuru ubongo. Aambiwe akiona mkojo mweusi wakati wa dawa yoyote, aiache na arudi siku hiyohiyo. Na aambiwe mbele ya baba wa mtoto kwamba jeni hii hupitia kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume bila yeye kuitaka wala kuijua, kama vile baba mwenye upungufu humpa kila binti yake na hampi mtoto wa kiume hata mmoja. Nimesikia mara nyingi mno, katika familia za Kinyamwezi na za Kiha, ugonjwa wa kurithi ukigeuzwa kesi dhidi ya mke. Muuguzi anayeandika namba kwenye kadi anapaswa kuwa na dakika tano za kulieleza hilo kwa Kiswahili, na kwa Kiha au Kinyamwezi inapobidi, na dakika hizo zihesabiwe kwenye bajeti pamoja na vitendanishi.